Sengu ya Mfano

Beata Ndunguru hakujua kukaa. Ukimkaribisha chai ataimaliza amesimama, macho barabarani. Ukimpa kiti atakalia ncha, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani benki. Shangazi zake wa Kitura walikuwa wakisema mtoto huyo alizaliwa safarini, na hayo ni maneno ya kuchekea tu, kwani alizaliwa palepale nyumbani, kitandani kwa bibi yake, mwezi wa kuchuma kahawa.

Mwaka huu alikuwa amezidi. Siku za kazi alikuwa chini ziwani, Ngumbo, anajitolea kufundisha sekondari. Kila alipopata mwanya alikuwa Songea, kwenye kituo cha chuo alichokuwa anasomea stashahada ya uzamili ya sayansi za jamii. Na pote hapo, awe anafundisha au anafundishwa, akili yake ilikuwa milimani Kitura, nyumbani kwa kaka yake Vitalis, maana huko ndiko alikokuwa anakulia binti yake Ottilia, wa miaka tisa.

Baba wa mtoto tusimzungumzie. Mwenyewe hajawahi kujitokeza azungumziwe. Beata alimleta Ottilia Kitura akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akamkabidhi kwa wifi yake Gaudiosa, akasema ni kwa muda tu, mpaka apate kazi ya maana. Vitalis na Gaudiosa hawakujaliwa mtoto. Walimpokea yule binti kwa mikono miwili na hawakuuliza huo muda ni wa kiasi gani. Nao muda, si unajua mambo ya muda, ukanyooka. Beata akawa mtu wa kuja likizo na usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, na sare mpya, analala, anaondoka.

Sasa mwisho wa muda ulikuwa umeonekana. Pale Mbamba Bay palikuwa na chuo kidogo cha maendeleo ya jamii, na mkuu wake alikuwa amemwahidi Beata nafasi ya ukufunzi pamoja na nyumba ya mtumishi, vyumba viwili na jiko. Sharti lilikuwa awe amemaliza hiyo stashahada ya uzamili kabla ya mwaka mpya. Beata alishaichungulia ile nyumba dirishani. Alishachagua chumba cha Ottilia, kile cha upande wa ziwa, na neti alishanunua. Shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza, mtoto angekuwa kwake. Alikuwa anautaka huo mwezi wa kwanza kuliko kitu chochote.

Kilichokuwa kimebaki ni utafiti, na utafiti wenyewe ulihusu sengu. Asiyejua sengu ajue hivi: zamani huku Umatengo watu wa ukoo mmoja hawakula kila mtu kivyake. Wanawake walipika, kila nyumba ikaleta chakula chake, wanaume wakakaa pamoja, na kabla ya kula wakazungumza. Mwenye ugomvi, mwenye shida ya shamba, mwenye mke aliyekimbia, yote yalimalizwa hapo, kisha maji ya kunawa yanapita, watu wanakula. Na aliyenawa akala, amekubali. Hana tena la kurudi nalo kesho yake akasema mimi sikupenda. Siku hizi kila mtu anakula kwake mbele ya televisheni, na ugomvi unapelekwa baraza la kata.

Beata alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo, tena kwa Kiswahili kizito cha chuoni. Msimamizi wake, Dokta Henry, alizisoma zote akamrudishia. Akamwambia kazi ni nzuri ila anasimulia harusi ambayo hakualikwa. Je, amewahi kukaa kwenye sengu hata moja? Hajawahi. Basi aende akakae, aone kwa macho, asikie kwa masikio, na akumbuke kwamba mtafiti haingilii. Kazi yake ni kusikiliza.

Aende wapi? Ukoo wao wenyewe ulikuwa haujakaa sengu tangu baba yake alipofariki. Ndipo akapata wazo, na akalipenda wazo lake bila hata kuligeuza likaonekana upande wa pili. Akapanda bodaboda mpaka kwa baba yake mkubwa Leopold, mkuu wa ukoo, mzee mwenye koti la suti na mabuti ya mvua na ulimi mkali. Akampa shikamoo, akakataa kiti, akamweleza haja yake wima wima. Alikuwa anaomba ukoo ukae sengu, mara moja tu, ili aione kwa ajili ya masomo.

Mzee akauliza sengu ya nini, kuna shauri gani. Beata akacheka, akasema shauri si lazima. Wachukue mfano wowote, hata wa kutunga, mradi yeye aone mambo yanavyokwenda. Sengu ya mfano. Mzee akamwangalia juu mpaka chini, kisha akasema sawa, Jumamosi watakaa, baada ya sala ya jumuiya. Beata akashukuru mara tatu na bodaboda ikanguruma. Baadaye sana ndipo shangazi yake Flavia alipomwambia kwamba pikipiki haijafika hata bondeni, mzee alimgeukia mkewe akasema ugali wa ukoo haupikwi kwa majaribio, na kwamba kama binti ya marehemu anataka sengu, shauri analo, tena analo yeye mwenyewe.

Jumamosi wakakaa kwenye banda la kahawa la mzee, ambalo kwa kuwa msimu ulikuwa umepita lilikuwa tupu na limefagiliwa. Wanaume walikuwa saba au wanane, na Vitalis alikuwamo. Wanawake walileta vyakula vimefunikwa, wakarudi jikoni, Gaudiosa mmoja wao. Beata peke yake ndiye mwanamke aliyebaki, kwa heshima ya masomo yake. Mzee akamwonyesha kigoda cha karibu na mlango. Beata akafurahi, maana hapo mwanga ulikuwa mzuri wa kuandikia. Akaomba ruhusa ya kurekodi, akapewa, akaweka simu juu ya debe, akafungua daftari. Siku hiyo alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo muda mrefu. Aliiona ile nyumba ya Mbamba Bay kama vile funguo ziko mkobani.

Sasa, sengu za ukoo ule zina desturi moja, na Beata aliijua vizuri kuliko wengi waliokaa pale, kwani aliiandika katika sura ya pili akaitolea na maelezo: jina la mtu halitajwi. Hata kama mwenye shauri amekaa mbele yenu, mnasema mwenzetu, mnasema ndugu mmoja, ili asiaibike na ili mnaomhukumu msimchukie. Aliijua. Aliifundisha. Ikapita mbele yake imevaa nguo zake zote, asiitambue.

Mzee Leopold akakohoa, akaanza. Akasema kuna mwenzetu ana mtoto. Mwenyewe yuko mbali, anahangaika na maisha, hakuna anayemlaumu. Mtoto amekulia katika nyumba ya ndugu. Sasa mwenzetu anataka kuja kumng'oa mtoto ampeleke anakokujua yeye. Je, ukoo unasemaje?

Beata akaandika mbio mbio. Mfano mzuri, akajisemea; wamechagua jambo ninalolielewa, wasinipe tabu. Kuna kitu kilimtambaa shingoni, akakifukuza. Mtafiti haingilii. Jamani, msomi akishaamua kutoona, hata umwashie taa.

Wakaongea mmoja mmoja. Mmoja akasema damu ni damu, mtoto ana mama. Mwingine akasema mama ni mzuri lakini huyo mama anaishi wapi hasa, leo kwenye mkoa huu kuna stendi asiyoijua? Watu wakacheka, na Beata akacheka nao huku anaandika. Kisha Vitalis akasimama. Hakumwangalia dada yake. Akaeleza habari za mtoto aliyeshikwa na degedege mwezi wa mvua, barabara imekatika, na mwanamke aliyembeba mgongoni kutoka Kitura mpaka hospitali ya misheni kwa miguu, akafika na mtoto mzima na yeye mwenyewe akalazwa. Sauti ilimkatika Vitalis, akakaa. Beata alipiga mstari chini ya maneno "hoja ya malezi". Habari za degedege hakuwahi kuambiwa. Walimficha asije akaacha mitihani. Basi hata hapo hakujua kwamba anayezungumziwa alilala kwenye tumbo lake miezi tisa.

Mzee akamgeukia. "Na wewe unasemaje?"

Beata akatabasamu kwa aibu, kama mgeni anayevutwa kwenye ngoma. "Mimi leo ni msikilizaji tu, Baba mkubwa. Nyie endeleeni."

Mzee hakuendelea. Akauliza tena, polepole, neno kwa neno, na banda zima likamgeukia yule binti mwenye kalamu. Naye akajibu vilevile, kwamba hana la kusema, yupo kusikiliza. Kisha akainama akaandika kwamba mzee hurudia swali.

Uamuzi ukatolewa. Mtoto abaki katika nyumba iliyomlea mpaka amalize shule. Mzazi aje amwone anapotaka, mlango uko wazi, ila asimhamishe. Maji yakaletwa. Beata akaweka kalamu chini, akanawa mpaka kwenye viwiko, akala ugali na maharage, akala na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akayasifia. Jioni ile ile alipanda kwenye kilima chenye mtandao akamtumia Dokta Henry sauti yote.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Vitalis kuzungumzia mwezi wa kwanza. Alikuta Gaudiosa anamsuka Ottilia barazani. Gaudiosa alipomwona aliacha kichwa nusu kimesukwa, akaja akamkumbatia, akalia begani kwake kwa kwikwi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na ilimchukua muda kuyapata.

"Wifi, Mungu akulipe. Sikujua kama ungekubali. Nilikuwa silali."

Beata akauliza amekubali nini. Gaudiosa akamwachia, akamwangalia usoni, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni. Vitalis akasema, kwa upole kabisa, kwamba si lile la jana, lililokwisha jana. Na Ottilia pale kwenye mkeka akasema kwa sauti ya kuimba kwamba haendi ziwani, anabaki, Babu Leopold amesema.

Miguu ya Beata ilifanya kazi kabla ya kichwa. Alishuka kilima na kupanda kingine, akapita katikati ya mashamba ya ngolo, mara mbili akatumbukia kwenye mashimo yake, viatu vya misani vikajaa udongo. Alikuwa na hasira na watu wote duniani, na chini ya hasira alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Alimkuta mzee anakunywa uji. Hakutoa shikamoo.

Mzee akaisubiri. Ikabidi aitoe.

"Marahaba. Tulikuuliza mara mbili," mzee akasema.

"Nilidhani ni mfano."

"Ugali uliokula ulikuwa wa mfano?"

Mzee akamwuliza alimpa kigoda gani, na kigoda cha mlangoni ni cha nani. Cha mwenye shauri. Nalo hilo alilijua. Liko sura ya pili. Akajitetea kwamba hawakumtaja jina, na mzee akacheka kicheko kikavu, akauliza tangu lini sengu ikataja mtu jina, si ndiye anayefundisha watu mambo hayo huko Songea? Akamwambia, sasa bila kucheka, kwamba wao walimwona anaandika, anatabasamu, wakadhani moyo wake umeridhika, na wengine walisikitika kuona mama anaridhika upesi vile. Vitalis mwenyewe alitegemea watagombana.

Beata akakaa chini, kwenye udongo, na kulia alilia. Akauliza kama shauri halirudi. Mzee akasugua magoti yake. Akasema linarudi, ila mara moja tu. Anayelirudisha anapika chakula mwenyewe, anakileta mwenyewe, anawakalisha watu upya na anasema mwenyewe. Jumatatu kuna mazishi kwa jirani, na Jumanne watu wamechoka. Jumatano ukoo mzima unakwenda kuchukua mbolea ya ruzuku. Ijumaa yeye ana kliniki ya presha Mbinga, na baada ya hapo mvua ni ya kupandia, hakuna atakayemkalisha mtu. Ni Alhamisi au basi.

Alhamisi ndiyo siku aliyopangiwa kutetea utafiti wake Songea, mbele ya jopo.

Akapanda tena kilima cha mtandao akampigia Dokta Henry. Kabla hajafungua kinywa, Dokta alianza kummwagia sifa. Sauti ile ni dhahabu. Katika wanafunzi wake wote hajapata kuona kitu kama kile, jopo litasimama kumpigia makofi. Kitu kimoja tu kilimsumbua wakati anasikiliza, na alitaka wakirekebishe kabla ya Alhamisi.

"Mama wa mtoto mbona hakuitwa?" akauliza. "Alikuwa wapi?"

"Alikuwepo," Beata akasema. "Alikuwa anaandika."

Dokta Henry hakuwa mtu mbaya. Alipoelewa alisema pole, akasema pole tena, kisha akaeleza kwamba jopo haliahirishwi kwa ajili ya mtu mmoja, linalofuata ni mwakani. Akamshauri aje, atetee, apate cheti, apate na kazi. Akishakuwa na nyumba na mshahara, hao wazee watamkatalia kwa lipi? Ni maneno ya mtu mwenye akili. Beata aliyarudia kichwani Jumatatu yote na Jumanne yote, akitembea kutoka jiko la shangazi Flavia mpaka barabarani na kurudi, mpaka shangazi akamwambia atamchimbia mfereji.

Na Jumatano asubuhi aliyafuata. Alifunga mkoba, akateremka Mbinga mjini, akakata tiketi ya Songea, akaingia kwenye basi. Sababu zake zilikuwa nzuri, nazo tuziseme. Bila stashahada hakuna kazi. Bila kazi hakuna nyumba. Mtoto atamchukua ampeleke wapi, kwenye chumba cha kupanga Ngumbo? Afadhali cheti kwanza, mtoto atafuata. Afadhali cheti kwanza. Alilisema hilo mara ya pili akalisikia, na akakumbuka kwamba ni maneno yaleyale aliyomwambia Gaudiosa siku anamkabidhi mtoto: kazi kwanza. Konda alikuwa anapiga bodi gari liondoke. Beata akasimama, akawakanyaga watu, akashuka. Tiketi hakudai hata kurudishiwa. Akaenda sokoni moja kwa moja akanunua samaki wakubwa aina ya mbasa waliopanda kutoka ziwani asubuhi hiyo, na unga, na nyanya, na mafuta, akatafuta bodaboda ya Kitura.

Alhamisi alipika kwa shangazi Flavia. Alikataa kusaidiwa, na kwa kweli alikuwa mpishi wa kubahatisha, mtu wa chipsi na chai. Unga wa ugali ulikuwa umeshaingia kwenye maji Gaudiosa alipokuja akasimama kwenye mlango wa jiko. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Wifi, ulinidanganya?"

"Sikukudanganya," Beata akasema. "Sikuwepo."

Hapo simu ikaita. Ilikuwa Songea, kumbe bado kulikuwa na nafasi ya mchana, Dokta Henry alikuwa amewabembeleza, kama angeweza kufika. Beata alitoka nje kumjibu. Alimshukuru na kumwambia hawezi, na kumwambia huko kulimchukua dakika, maana ilibidi arudie mara mbili. Nyuma yake ugali ukaanza kushika chini. Sasa wewe niambie, ni mwanamke gani wa Kitura atasimama aangalie ugali unaungua? Beata aliporudi alimkuta Gaudiosa amepiga goti, ameushika mwiko kwa mikono miwili, anasonga huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Aliusonga ukaiva. Akaupakua, akaufunika, akauosha mwiko, akatoka bila kusema neno.

Walikaa palepale, watu walewale. Beata akakalia kigoda cha mlangoni, na safari hii hakukalia ncha. Mikono yake haikuwa na kitu. Mzee akaanza kama kawaida, kwamba kuna mwenzetu ana mtoto, na Beata akamkatiza, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mwanamke katika banda lile.

"Mimi Beata," akasema. "Mama yake Ottilia."

Mzee akasema hapa majina hayatajwi. Beata akasema anajua, na anaomba radhi, lakini safari iliyopita alipotelea humohumo kwenye mwenzetu, hatarudia. Akasema yote. Akasema habari za degedege amezisikia Jumamosi katikati ya watu, akazipigia mstari kama mjinga. Akasema kumbebea mwenzako mtoto mgongoni usiku wa mvua hakulipiki, na yeye hana cha kumlipa Gaudiosa, wala hatajaribu. Akasema kazi ya Mbamba Bay hana tena, wala nyumba. Ana chumba cha kupanga Ngumbo kwa mama mmoja mjane, na kile cheti kama Mungu akipenda ni mwakani. Hana cha kuwaonyesha. Anamtaka mwanawe tu.

Ndugu mmoja akauliza, bila ubaya, kwa nini basi hakwenda Songea kwanza, angekuja na kitu mkononi. Beata akamjibu kwamba kama angekwenda, wangekuwa wamemuuliza mara ya tatu, na mara ya tatu asingekuwepo.

Walibishana mpaka kivuli cha banda kikafika kwenye mibuni. Mwishowe mzee akasema Ottilia, naye akalitaja jina, akalitaja waziwazi, aende na mama yake mwezi wa kwanza, na kila likizo arudi kwa waliomlea, na asipoletwa likizo moja tu ukoo utamfuata. Maji yakaanza kupita. Beata aliwaangalia wakinawa mmoja mmoja. Yalipomfikia Vitalis yalisimama. Alikaa ameangalia beseni kwa muda ambao kila mtu aliona ni mrefu, na ilikuwa haki yake, angeweza kusukuma beseni na jambo lote lingevunjika hapo. Akanawa. Akamega tonge moja la ule ugali, akachovya mchuzi wa mbasa, akameza, akatoka nje. Tonge moja linatosha.

Mwezi wa kwanza wakateremka. Gaudiosa hakuja barabarani kuwasindikiza. Alikuwa amefunga kila kitu tangu jana yake, nguo zimekunjwa, karanga zimekaangwa, nywele za mtoto amezisuka mistari midogo midogo ili zidumu. Ottilia alikaa dirishani ametulia, mtoto mwenye adabu, akajibu kila alichoulizwa. Waliacha milima, gari likaanza kuzunguka kona za kushukia ziwani, na maji yakatokea chini, mapana, mpaka upande wa pili usionekane. Beata akamwonyesha. Mtoto akayaangalia, kisha akageuka kutazama nyuma, kule milimani.

"Nataka kwenda kwa mama," akasema.

Mama mmoja muuza samaki aliyekaa mbele yao akageuka akacheka, akamwuliza kwani huyu aliyekaa naye si ndiye mama yake. Ottilia akamtazama Beata vizuri, asije akakosea, kisha akamjibu yule mtu mzima kwa heshima kwamba shikamoo, huyu ni Mama Beata. Halafu akaangua kilio.

Gari zima likawa linamsikiliza. Beata aliona maneno mengi yanampanda mpaka kinywani, ya kumsahihisha mtoto, ya kumweleza yule muuza samaki, ya kujitetea. Akayaacha yarudi. Akamfuta mtoto machozi na kamasi kwa ncha ya khanga, akamvuta karibu.

"Nyamaza mwanangu," akamwambia. "Tukifika tu, tutampigia mama simu."